Mla Majani wa Juu ya Kreni

Ndoo ya zege haina masihara. Ikijaa huwa nzito kama mafahali wawili, na ikishaning'inia kwenye waya hujifanya ina akili yake: ukiivuta kwa pupa hutupa mwili huku na huku kama mtoto anayegoma kwenda shule. Ndiyo maana kila anayeingia kwenye kazi ya ujenzi huambiwa siku ya kwanza kwamba ndoo ikiwa angani, wewe kaa pembeni. Asubuhi ile wote walikuwa pembeni isipokuwa mpiga ishara. Yeye kazi yake ni kusimama karibu na pale mzigo unapotua, redio mdomoni, akimwelekeza dereva wa kreni.

Kushoto kidogo, alisema. Kidogo tena. Basi, hapo hapo.

Ndoo haikusimama hapo hapo. Ilisita kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha ikaanza kumjia.

"Simamisha! Shemeji, simamisha! Shem, unaniua!"

Juu kabisa, ndani ya kibanda cha vioo, shemeji mtu aliisikia sauti hiyo kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Aliuona mkono wake juu ya kishikio, akautambua kuwa ni wake, akauamuru urudi nyuma, na mkono ukamtazama tu. Vimulimuli vyeupe viliruka mbele ya macho yake mchana kweupe. Masikio yalivuma. Halafu vidole vikalegea vyenyewe, na kwa kuwa kreni ile ilitengenezwa na watu wanaoujua udhaifu wa binadamu, kishikio kilipoachiwa ikajifunga breki.

Ndoo ilikata mwendo kwa mshtuko, ikayumba, ikamvua mpiga ishara kofia yake ngumu. Kofia ikabingirika mpaka kwenye rundo la kokoto. Kichwa kilibaki mahali pake.

Hakuna aliyecheka. Ni mashine ya kuchanganya zege tu iliyoendelea kunguruma, kwa kuwa haina macho.

Dereva huyo pale kazini aliitwa Majani. Jina hilo alilipata kwa kula, kama wengine wanavyolipata kwa kulewa. Kabla ya hapo alikuwa mtu kama watu, akiketi na wenzake mchana kwenye kivuli cha ukuta na kugombania mfupa wenye uboho. Kisha ukaja ule upimaji wa afya ambao kila dereva wa kreni lazima aupitie kila mwaka, na daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akamwambia kwamba presha yake inaanza kupanda. Apunguze mafuta, apunguze chumvi, nyama ale kwa kiasi, anywe maji, atembee.

Katika maneno yote hayo yeye aliondoka na moja tu: nyama.

Hakulichagua hivi hivi. Baba yake mzazi alifia mezani. Alikuwa anakula, anacheka, kipande cha nyama kikiwa mkononi, na cheko lile halikumalizika. Mdomo ulipinda, mkono ukashuka, na kile kipande kikaanguka sakafuni kwa sauti ndogo ambayo mwanawe hakuwahi kuisahau. Miaka ilipita, akapata pacha wa kike ambao sasa wanasoma bweni, lakini sauti ile ilikaa ndani yake kama jiwe chini ya kisima. Daktari alipotaja nyama, jiwe likagongwa. Akaapa. Na kiapo chake hakikuwa cha kusuasua; mtu huyu alikuwa wa moja kwa moja, kama waya wa kreni yake.

"Majani, Majani," mpiga ishara alikuwa akimchokoza kwenye redio. "Leo tumechoma mbavu. Moshi umefika huko juu au nikusukumie kwa kofia?"

"Kula, shemeji. Kula ukijua kaburi lina mdomo."

"Na mbuzi je? Amekula majani maisha yake yote, na bado tumemchoma sisi."

Vicheko vilipanda mpaka kibandani. Naye alitabasamu peke yake, akafungua kimfuko chake.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo mtu asiyeijua kazi hii hawezi kulifikiria. Dereva wa kreni ndefu akishapanda asubuhi, kushuka ni shughuli. Ngazi haina mwisho, na magoti si ya kukopa. Huko juu hakuna jiko, hakuna meza, hakuna choo. Wengi hushuka mchana hivyo hivyo, wakilaani. Majani alikuwa hashuki. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake mjini: alipanda na jua, alishuka na jua, na kreni yake haikusimama kwa sababu ya tumbo la mtu. Msimamizi alimtoa mfano kwa vijana. Kwa hiyo chakula chake kilipaswa kuwa kikavu, chepesi, kisichomwagika ngazini, na maji alikunywa ya kulowesha ulimi tu, maana anayekunywa sana juu ya kreni atajuta.

Maharage ya mkewe hayakufaa. Yana mchuzi. Mchicha una mafuta. Tena, alisema, nani anajua yametoka shamba gani?

Lakini kwenye njia ya kwendea kazini palikuwa na duka jipya, safi, lililopakwa rangi ya kijani kibichi mpaka kwenye kitasa cha mlango. Ndani palinukia mdalasini. Mwenye duka, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, wateja walimwita Mama Uzima. Rafu zake zilijaa vitu ambavyo ukivitazama tu unajiona umepona: biskuti za ufuta na asali, tende zilizoviringishwa kwenye karanga, vipande vya soya vilivyokaushwa kwa viungo mpaka vikafanana na nyama kavu, na juisi nzito ya matunda ndani ya chupa ndogo zenye picha ya jua.

"Hizi hazina nyama?" aliuliza siku ya kwanza, akiwa ameshika kimfuko cha soya kama anayeshika yai.

"Nyama! Baba, humu dukani hata nzi ni wa mboga."

"Na mtu mwenye presha?"

"Ni vitu vya asili tupu hivi. Kula bila wasiwasi."

Akala bila wasiwasi. Kila siku, mwaka mzima karibu. Soya alizitafuna kavu, moja moja, akitazama mji uliolala chini yake na mabati yake na nguo zake zilizoanikwa. Juisi aliinywa kidogo kidogo kutoka kwenye kifuniko, na utamu wake mzito ulimkaa kooni. Alijiona mwepesi. Alijiona amemzidi baba yake ujanja. Jioni nyumbani alimtazama mkewe akila samaki na alikuwa na huruma naye, huruma ile inayokera kuliko tusi.

"Baba Pacha, hata haya maharage tu?" mkewe alikuwa akisema. "Maharage nayo yamekuwa ng'ombe?"

"Mama Pacha, wewe kula unachoona ni chakula. Mimi nakula afya."

"Haya. Afya ikikushibisha niambie, nipunguze kupika."

Mkewe akapunguza kupika.

Sasa, siku hiyo ya ndoo, walimteremsha ngazi kama wanavyoteremsha sanduku la vioo, mtu mmoja juu yake na mmoja chini. Mpiga ishara ndiye aliyekuwa chini. Kifo kilikuwa kimempita utosini muda si mrefu, lakini aliweka bega chini ya kisigino cha shemeji yake kwenye kila kipago na kusema, "Shuka. Nipo. Shuka." Hakumwita Majani hata mara moja, na hilo lilimtisha yule anayeshushwa kuliko vimulimuli.

Hospitalini, daktari yule yule alimfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, akasoma. Akakifungua. Akakifunga mkono wa pili. Akatoka, akarudi na mashine nyingine. Kwa mgonjwa, hakuna kinachoogofya kama daktari asiyeamini macho yake. Kisha akamtoboa kidole, akatazama sukari, akakaa kitini polepole.

"Baba, umekuwa ukifanya nini?"

"Sijala nyama, daktari. Tangu uliponiambia. Hata supu yake sijaonja."

"Sikuulizi usichokula. Nakuuliza unachokula."

Akamwambia. Alimwambia kwa fahari kwanza, kisha kwa sauti iliyozidi kupungua, kwa sababu uso wa yule mama haukuwa ukibadilika jinsi alivyotarajia. Alipofika kwenye juisi, daktari alifunga macho.

"Kreni hupandi," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie. Hivi ulivyo, ungeweza kuanguka mle ndani na kumwangushia mtu zege. Karibu umwangushie." Akaandika dawa, kisha akamtazama kama anayemtazama mtoto aliyekunywa mafuta ya taa. "Na ukiendelea hivi, sitakwambia panda tena. Sijawahi kuona mtu akijiua kwa juhudi namna hii."

Alitoka nje na jua likampiga. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alitembea barabarani saa za kazi, akaona jinsi mji ulivyo mrefu ukiutazama kutoka chini. Huko juu yeye alikuwa ndiye anayeinua. Huku alikuwa mtu wa kupishwa na baiskeli. Kama hatapanda, yeye ni nani? Mtu wa umri wake, ambaye hajui kazi nyingine, atafagia saiti na kumtazama kijana akivuta waya wake? Hasira ilimpanda, naye alikuwa na mahali pa kuipeleka.

Mlango wa kijani ulikuwa umerudishwa tu. Duka lilikuwa tupu. Nyuma ya rafu, pazia lilikuwa limefunuliwa nusu, na Mama Uzima alikuwa ameketi kwenye kigoda, bakuli mapajani, anakula. Alikuwa anakula maharage, yenye mchuzi, na mchicha pembeni, na wali kidogo, kutoka kwenye chombo cha nyumbani chenye mfuniko uliopinda.

Majani alisimama kwenye pazia, mkoba bado begani.

"Karibu, baba! Nisamehe, nilikuwa natia kitu tumboni."

"Unakula maharage."

"Ndiyo, baba. Mchana huu."

"Duka zima hili, unakula maharage."

Mama Uzima alicheka, akidhani ni mzaha. "Sasa nile nini, biskuti?"

Majani akaitupa mezani mifuko mitupu ya soya aliyokuwa nayo mkobani, na chupa zile zenye picha ya jua. Zilikuwa nyingi. Moja iliviringika ikaanguka na haikuvunjika. "Mimi nimekula hivi. Mwaka mzima. Ulisema nile bila wasiwasi. Daktari amenishusha kwenye kreni. Karibu niue shemeji yangu."

"Umekula wewe?" Mama Uzima aliweka bakuli chini. "Peke yako? Mimi siku zote nilidhani una watoto sita! Nilikuwa nikisema moyoni, baba yule analea." Aliokota kimfuko, akakigeuza. "Na hizi ulizipikaje?"

"Kupika? Nilizitafuna."

"Kavu?"

"Huko juu kuna jiko?"

Mama mnene alishika mdomo kwa mikono miwili. Alibaki hivyo, na macho yake yakazidi kupanuka juu ya vidole. "Mungu wangu. Baba, hizi zinalowekwa! Zinalowekwa usiku kucha, na yale maji yote ya chumvi yanamwagwa, ndipo zinapikwa. Ile chumvi ni ya kuzihifadhi zisioze, si ya mtu! Na juisi, usiniambie..."

"Kwa kifuniko."

"Bila maji?"

Alitazama picha ya jua kwenye chupa. Nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Ile ni ya kuchanganya na jagi zima," Mama Uzima alisema kwa sauti ya mtu anayeongea msibani. "Jagi zima, baba."

Wakatazamana, wote wawili wamepigwa na butwaa, kama watu waliogongana gizani na kila mmoja akadhani mwenzake ni ukuta. Kisha hasira ya yule mwanamume ikapata mlango mwingine.

"Na biskuti? Nazo nilikosea kuzila? Na tende? Nilipaswa kuziloweka na zile?"

Hapo Mama Uzima alishusha macho. "Hapana. Biskuti zinaliwa hivyo hivyo."

"Zina afya?"

"Hazina nyama."

"Nimekuuliza kama zina afya."

Alipangusa vidole kwenye kanga yake, kimoja kimoja. "Ni sukari, baba. Asali ni sukari iliyosafiri mbali, basi. Watu wanataka kitamu, na wanataka wakila kitamu wajione watakatifu. Nilianza kwa kuuza maharage makavu na dengu humu humu. Hakuna aliyeingia. Nikapaka mlango kijani." Akaikusanya mifuko mitupu. "Lakini uliniuliza habari ya presha, nami nikajibu kama muuzaji. Hilo ni langu. Nisamehe."

Majani alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuombwa radhi. Aliondoka bila kuaga.

Nyumbani mpiga ishara alikuwa amekwisha kufika na kumweleza dada yake yote, akiongeza chumvi yake, kwa hiyo Mama Pacha alimpokea mumewe mlangoni kwa macho mekundu na ulimi mkali.

"Ungemuua mdogo wangu kwa ajili ya biskuti!"

"Nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza mwaka mzima! Nyama, nyama, nyama. Nani alikwambia nyama ndiyo iliyomuua baba?"

"Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa nayo mkononi."

"Siku hiyo tu!" Alisema kwa nguvu hata ndugu yake akainuka kitini. "Ni mimi niliyekuwa nikimpikia, mume wangu, nikiwa mwali mpya humu ndani. Nyama baba aliiona wageni wakija. Ile siku alikuwa akicheka kwa sababu aliipata! Huyo mzee alikuwa mtu wa chumvi. Nilikuwa nikiweka chakula mezani, naye kabla hajaonja, kabla hata ya kunawa, anakamata kikopo anamwaga. Anamwaga kama anayepanda mbegu. Nikadhani mapishi yangu hayampendezi. Nililia jikoni miezi mingapi! Mama mkwe ndiye aliyenituliza, akaniambia, huyu angemwaga chumvi hata juu ya asali."

Mumewe aliketi. Alitaka kubisha, lakini kumbukumbu, ambayo kwa miaka yote ilikuwa imemwonyesha mkono wenye nyama tu, sasa ilisogea kidogo, kama kreni inayogeuza shingo, ikamwonyesha mkono wa pili. Mkono wa pili wa baba yake ulikuwa na kikopo. Kilikuwa pale siku zote. Kilianguka pamoja na nyama. Ile sauti ndogo sakafuni haikuwa ya kitu laini.

Alilia, wala hakujificha. Shemeji yake akatazama dirisha.

Alikaa chini ya kreni yake muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia, akipanga nondo na kukusanya misumari iliyopinda, huku kijana wa kukodi akivuta mizigo huko juu kwa mikono mizito. Kila ndoo ilipoyumba aliacha misumari akatazama juu. Mchana alikula alichofungiwa na mkewe: maharage, dengu, mboga, ndizi. Nyama hakuirudia. Wenzake walitarajia angeirudia na wakamtengea mfupa, akawashukuru akaurudisha. Nyama haikuwa na kosa, aliwaambia, lakini wameshaachana kwa wema, hana sababu ya kumrudia mtalaka. Akanywa maji, mengi, kwa kuwa choo kilikuwa karibu. Akatembea kwenda na kurudi. Mlango wa kijani aliupita upande wa pili wa barabara, na siku moja aliona nje yake gunia la maharage makavu limefunguliwa mdomo. Hakusimama. Lakini alitikisa kichwa kumsalimu aliyekuwa ndani, naye akapunga mkono.

Daktari alipofunga kile kitambaa safari hii, mgonjwa alitazama ukuta. Alisikia upepo ukitoka. Alisikia kitambaa kikifunguliwa, na mkono wa pili haukuombwa.

"Panda," alisema daktari. "Dawa usiache. Na mchana ushuke ule chakula cha watu."

"Nishuke?"

"Kreni itakimbilia wapi?"

Siku aliyorudi juu, mji ulikuwa pale pale na mabati yake. Alifanya kazi asubuhi yote, laini kama anayelaza mtoto. Jua lilipofika utosini alitua ndoo, akafunga breki, akachukua redio.

"Nashuka."

Chini vichwa viliinuka. Kisha sauti ya mpiga ishara, kali, iliyojaa hofu: "Shem? Umeona tena vimulimuli? Usisogee! Vijana, ngazini, haraka!"

"Sina kitu, shemeji. Nashuka kula."

Watu waliacha makoleo. Msimamizi alitoka ofisini kwake mdomo wazi. Kreni ambayo miaka yote haikuwahi kusimama kwa ajili ya tumbo ilikuwa imesimama, shingo yake kimya juu ya mji, na mtu mmoja mdogo alikuwa akishuka ngazi kipago kwa kipago, bila haraka, akipumzika kila jukwaa. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemzomea.

Alipofika chini, mpiga ishara alikuwa ameshafungua chombo cha dada yake na kukiweka kwenye kivuli cha ukuta. Yeye mwenyewe alikuwa na mbavu zake, na kando yake kikopo cha chumvi.

"Majani," alisema, na jina hilo likasikika tamu, "dada amepika kama wa hospitali. Chukua hii utie kidogo."

Akamsogezea kikopo. Mkono wa Majani ulitoka kukipokea, wenyewe, bila kuamriwa, kama mkono mwingine aliowahi kuuona zamani. Aliutazama ukienda. Akaurudisha, akachota maharage, akaonja kwanza.